Picha za Vidudu: Kifaa Gani Kitangulie?

Inzi mweupe anayeeneza magonjwa ya muhogo ana urefu wa milimita moja hivi. Utitiri mwekundu anayekausha majani ya nyanya ni kama nusu ya hapo. Majimoto, wale sisimizi wakali wanaoshona majani ya miembe, mikorosho na minazi wakajifanyia viota, hata walio wakubwa miongoni mwao huwa na milimita 8 hivi tu. Mazungumzo haya ni juu ya vifaa vya kupigia picha viumbe wa kimo hicho: kipi kinahitajika kweli, kipi ni pambo la dukani, na fedha kidogo zilizopo zianzie wapi.

Swali ambalo watu wengi hulitanguliza ni hili: ninunue kamera gani? Ni swali la haki, ila limekuja mapema mno. Katika picha za vitu vidogo sana, bodi ya kamera ndiyo yenye uzito mdogo kuliko vyote. Yanayotangulia ni ukubwa wa kinachopigwa picha, kama kinatembea au kimetulia, na kama kinakubali kusogelewa. Mfanyabiashara wa tanzanite pale Arusha anayetaka kumwonyesha mteja kilichomo ndani ya jiwe, na afisa ugani anayetaka kumtumia mtaalamu picha ya kiwavi aliyemkuta kwenye mhindi, wote wawili wanapiga picha za karibu. Vifaa vyao, hata hivyo, havifanani. Jiwe halikimbii, wala halitikiswi na upepo.

Tuanze basi na ukubwa, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote.

Ndani ya kamera kuna kihisi, yaani kile kibao kinachopokea mwanga badala ya filamu ya zamani. Lenzi ikichora taswira ya mdudu juu ya kihisi kwa urefu uleule alionao mdudu mwenyewe, picha hiyo huitwa ya ukubwa halisi, na katika maelezo ya lenzi huandikwa 1:1. Mdudu wa milimita 8 ataacha taswira ya milimita 8. Ikiandikwa 1:2, taswira ni nusu ya mdudu. Ikiandikwa 2:1, taswira ni mara 2 ya mdudu. Ni hesabu ndogo, na anayeishika hadanganywi dukani kwa urahisi.

Kwa nini adanganywe? Kwa sababu neno makro, yaani la picha za karibu sana, huandikwa kwenye lenzi nyingi zisizostahili. Lenzi nyingi za kuvuta mbali na karibu zimepigwa chapa hiyo ilhali mwisho wake ni 1:4 au 1:3, yaani robo au theluthi ya ukubwa halisi. Zinatosha kwa ua la mwaridi. Kwa majimoto hazitoshi. Kwa hiyo mnunuzi asisome jina la lenzi, asome uwiano wake. Na kinyume chake pia kipo: kampuni ya Nikon huziita lenzi zake za makro kwa jina la Micro, na mtu asiyejua anaweza kuipita lenzi anayoitafuta ikiwa mbele ya macho yake.

Sasa, taswira ya milimita 8 ni kubwa au ndogo? Inategemea imeangukia kwenye kihisi gani. Kihisi kikubwa cha kamera za bei, kile kinacholingana na filamu ya zamani, kina upana wa milimita 36. Majimoto wa ukubwa halisi hatajaza hata robo ya upana huo. Kihisi cha daraja la kati, kinachopatikana katika kamera nyingi za bei ya wastani, kina milimita 23 hivi, na majimoto huyohuyo atachukua theluthi yake. Kihisi cha kamera za mfumo wa Micro Four Thirds, zikiwemo za Olympus, ambazo sasa huuzwa kwa jina la OM System, kina milimita 17.3, na hapo sisimizi anakaribia nusu ya picha. Lenzi haijabadilika uwezo, sisimizi hajakua, ila fremu imepungua. Ndiyo maana wanaosema kwamba bila kihisi kikubwa hakuna picha nzuri wanawakosesha watu fedha zao. Katika kazi nyingine kihisi kikubwa kina faida zake, hasa penye giza. Kwa vidudu, kihisi kidogo kinasaidia zaidi kuliko kinavyodhuru.

Tushuke sasa ngazi kwa ngazi, kutoka mdudu mkubwa hadi mdogo kabisa, tuone kila mmoja anadai nini.

Kiwavijeshi vamizi aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na katika muda mfupi akawa tatizo la wakulima wa mahindi wa Afrika Mashariki yote. Akikomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 4. Hutambuliwa kwa alama mbili: mstari wa rangi hafifu kichwani wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi karibu na mkia yaliyojipanga kama pembe za mraba. Kumtofautisha na viwavi wengine kunahitaji alama hizo zionekane wazi. Je, kwa kazi hii inunuliwe kamera? Hapana. Simu inatosha, ikitumiwa vizuri.

Lakini simu itumiwe namna gani? Simu nyingi za bei nafuu zina kamera ndogo ya pembeni inayoitwa ya makro, yenye megapikseli 2. Kwa ukweli, kamera hiyo imewekwa ili idadi ya kamera iongezeke kwenye boksi. Picha yake ni ya ukungu na rangi zake zimefifia. Afadhali kutumia kamera kuu ya simu kutoka umbali ambao fokasi inashika, kisha kukata picha na kubakisha sehemu inayotakiwa. Simu za bei ya juu hufanya vizuri zaidi: iPhone 13 Pro ya mwaka 2021, kwa mfano, hutumia lenzi yake pana kushika fokasi hadi sentimita 2. Tatizo la sentimita 2 ni kwamba simu yenyewe humkinga mdudu na mwanga, picha ikajaa kivuli.

Dawa ya bei rahisi ni kilenzi cha kubana juu ya kamera ya simu. Kichaguliwe cha kioo, si cha plastiki, na kibano chake kiwe kigumu ili kisiteleze. Hata kile kioo kidogo cha kukuzia anachotumia sonara, cha kukuza mara 10, kikishikiliwa sawasawa mbele ya kamera kuu ya simu hutoa picha za kushangaza. Kingo zitakuwa na ukungu, ila katikati patakuwa safi. Kwa afisa ugani, kwa mwalimu wa sayansi, kwa mkulima anayetaka kumwuliza mwenzake aliye mbali, hapo ndipo matumizi ya fedha yanapoweza kukomea.

Tuseme sasa msikilizaji ana kamera tayari, ile inayobadilishwa lenzi, pamoja na lenzi iliyokuja nayo. Anamtaka majimoto. Kabla hajanunua lenzi mpya, kuna njia tatu za kuipa lenzi ya zamani macho ya karibu, na kila moja ina raha na karaha yake.

Njia ya kwanza ni kioo cha nyongeza cha kuvalisha mbele ya lenzi. Hapa kuna kimoja kinachostahili kutajwa kwa jina, Raynox DCR-250, chenye nguvu ya dayopta 8, ambacho hubana kwenye lenzi zenye kipenyo cha filta cha milimita 52 hadi 67. Kinafaa zaidi kwenye lenzi ndefu. Hesabu yake ni nyepesi: urefu wa lenzi kwa mita, mara dayopta. Lenzi ya milimita 200 ni mita 0.2. Mara 8, inakuwa 1.6. Yaani lenzi ya kawaida ya kuvuta mbali, ambayo peke yake isingemwona sisimizi, inapita ukubwa halisi, na mpiga picha bado yuko sentimita 11 au 12 kutoka kwa mdudu. Mwanga haupungui kwa kiasi cha kusumbua. Kikishatumika kinachomolewa na kutiwa mfukoni. Kwa uzito wa faida na wepesi wa bei, hakuna kitu kingine katika fani hii kinachokifikia. Ila visinunuliwe vile vioo vya bei chee vinavyouzwa kwa seti ya vinne. Vingi vina kioo kimoja tu kisichorekebishwa, na pembeni mwa picha hutoka mistari ya zambarau na kijani.

Njia ya pili ni pete za kurefusha. Hizi hazina kioo chochote ndani yake. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na kihisi. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita 50, hufika ukubwa halisi. Seti ya kawaida ina pete tatu, za milimita 12, 20 na 36, ambazo kwa pamoja ni 68, kwa hiyo lenzi hiyo ya 50 inapita ukubwa halisi. Jambo la kuangalia ni moja, na lirudiwe ili lisisahaulike: pete ziwe na nyaya za mawasiliano. Zile za bei ya chini kabisa ni bomba tupu, na lenzi ya kisasa ikifungwa humo haiongei tena na kamera. Tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kubanwa, linabaki wazi daima, na picha haina sehemu kali ya kutosha. Pete pia huzuia mwanga kiasi, na hazifai kwa lenzi pana. Ukiitia lenzi ya milimita 18 kwenye pete ndefu, mahali pa fokasi huangukia ndani ya kioo chenyewe.

Njia ya tatu ni kuigeuza lenzi, mbele ikawa nyuma, kwa pete ya kugeuzia ambayo bei yake ni ndogo kuliko zote. Lenzi ya milimita 50 ikigeuzwa hukaribia ukubwa halisi. Ya milimita 28 huzidi mara 2. Ajabu yake ni kwamba kadiri lenzi ilivyo pana, ndivyo inavyokuza zaidi ikigeuzwa. Hapa lenzi za enzi za filamu hupata uhai mpya, kwa sababu zina pete ya kubana tundu kwa mkono na hazihitaji umeme wa kamera. Hata zile lenzi za mashine za kusafishia picha, zilizokuwa katika vyumba vya giza vya studio za zamani, ni nzuri mno zikigeuzwa, maana ziliundwa kuchora kitu bapa kwa ukali hadi pembeni. Mwenye studio ya zamani aliye nayo kwenye droo ana hazina. Karaha yake? Mdudu anatakiwa awe sentimita 4 hivi kutoka kwenye lenzi, na kioo cha nyuma, kilicho dhaifu, ndicho sasa kinachokabili vumbi na matawi. Majimoto nao hawana subira na mtu aliyewaegemea kwa sentimita 4. Wanauma, kisha wanatia tindikali kwenye kidonda.

Hizo ndizo njia za kuanzia. Lakini anayeipenda kazi hii akaifanya kila wiki, mwishowe atataka lenzi halisi ya makro, ya 1:1. Aichagueje?

Achague kwa umbali. Lenzi zote za makro za 1:1 hukuza sawasawa, ziwe fupi au ndefu. Kinachotofautiana ni nafasi inayobaki kati ya kioo na mdudu. Lenzi ya milimita 35 au 40 inapofika ukubwa halisi huacha sentimita 3 hivi. Ya 60 huacha chini ya 10. Ya 100 huacha kama 13 hadi 15. Kipepeo, panzi na kereng'ende hawangoji mtu wa sentimita 3. Nafasi hiyo pia ndiyo mlango wa mwanga: ikiwa finyu, hakuna pa kuupitishia. Kwa hiyo lenzi ya milimita 90 hadi 105 ndiyo ya kununua kwa karibu kila mtu, na kwa kamera za Micro Four Thirds ile ya 60 hufanya kazi hiyohiyo. Za 150 na 180 zipo, huwafaa wa vipepeo, ni nzito na ni ghali.

Je, chapa ipi? Hili lina ubishi mwingi kuliko linavyostahili. Lenzi za makro ni miongoni mwa lenzi kali kuliko zote zinazotengenezwa, na ni shida kupata mbovu kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. Ya mtumba yenye umri wa miaka 15, ikiwa kioo chake ni safi, itatoa picha ambayo mtazamaji hataitofautisha na ya mpya. Fokasi ya kujiendesha isiwe sababu ya kuongeza fedha. Kwa ukaribu wa picha hizi, lenzi huhangaika mbele na nyuma bila kushika. Wapiga picha wengi wa wadudu huiweka fokasi mahali pamoja kwa mkono, kisha huyumba wao wenyewe polepole hadi jicho la mdudu linapokuwa kali, wakabonyeza.

Ukingoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mrukaji mdogo aitwaye Evarcha culicivora, mwenye urefu wa milimita 5 hivi. Amechunguzwa sana katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, kwa sababu ya tabia yake ya pekee: huwapendelea mbu waliokwisha kunyonya damu. Kama buibui warukaji wote ana macho makubwa mawili mbele, na akisogelewa hageuki kukimbia mara moja, huikazia lenzi macho. Ni mhusika mwema kwa mpiga picha. Lakini milimita 5, na uso wake pengine 2. Kwa ukubwa halisi atakuwa nukta katikati ya fremu pana. Hapa ndipo lenzi za kupita 1:1 zinapoanza kudai nafasi. Canon RF ya milimita 100 hufika mara 1.4. Laowa ya milimita 100 hufika mara 2, nayo ni ya bei ya kuvumilika. OM System ilitoa ya milimita 90 mwaka 2023, inayofika mara 2 vilevile. Na mwenye lenzi ya 1:1 tayari asikimbilie kuuza: akiivalisha kile kioo cha Raynox, atafika mara 2 au karibu na hapo.

Zaidi ya hapo kuna kifaa cha watu wachache. Mwaka 1999 Canon ilitoa lenzi ya MP-E 65, inayoanzia ukubwa halisi na kufika mara 5. Haina uwezo wa kupiga picha ya kitu chochote kilicho mbali. Mtu akisimama mbele yake haonekani, mlima hauonekani. Haina hata pete ya fokasi: kilichopo ni pete ya kukuza, na fokasi ni kusogea mbele na nyuma. Ikifika mara 5, mdudu yuko sentimita 4 tu kutoka kwenye kioo. Laowa ina yake ya milimita 25, ya mara 2.5 hadi 5, kwa bei ya chini. Kwa inzi mweupe, mara 5 ndiyo kwanza inatosha: taswira yake inakuwa ya milimita 5. Utitiri bado ni mdogo. Kwake huyo hutumika lenzi ya hadubini ya mara 10, ikafungwa mbele ya lenzi ya milimita 200, kama iliundwa kwa urefu huo. Hiyo si kazi ya shambani tena. Ni kazi ya mezani, kwa mdudu aliyekwisha kufa.

Wasikilizaji, mpaka hapa habari yote ilikuwa ya kukuza. Sasa ije sehemu ambayo wauzaji hawaitaji, nayo ndiyo inayowavunja moyo wanaoanza: ukali na mwanga.

Kadiri taswira inavyokuzwa, sehemu iliyo kali ndani ya picha huwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kwa ukubwa halisi, kwenye kihisi kikubwa, tundu likiwa f/8, unene wa sehemu hiyo ni milimita moja hivi. Kwa mara 5, tundu lilelile, ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Jicho la buibui kali, miguu ukungu. Mtu atauliza: si tundu libanwe zaidi, f/22 au f/32? Libanwe, ila kwa kipimo. Lenzi ikikuza, tundu hufanya kazi kana kwamba ni dogo kuliko namba yake. Kwa ukubwa halisi, f/8 hufanya kazi ya f/16. Kwa mara 5, f/8 hiyohiyo hufanya kazi ya f/48. Na mwanga ukipita kwenye tundu finyu mno hutawanyika ukingoni, jambo ambalo wataalamu huliita difraksheni, na picha nzima inapoteza ukali. Kwa hiyo, kwa ukubwa halisi, kati ya f/8 na f/11 panatosha. Kwa mara 5, tundu lifunguliwe hadi f/4 hivi, na unene uliopotea utafutwe kwa njia nyingine.

Njia hiyo nyingine ni kupiga picha nyingi, kila moja fokasi yake ikiwa mbele kidogo ya iliyopita, kisha programu ya kompyuta ichukue sehemu kali ya kila picha na kuziunganisha. Helicon Focus na Zerene Stacker ndizo zinazotumiwa zaidi. Kamera nyingi za kisasa hupiga mfululizo huo zenyewe. Kwa jiwe, mbegu au mdudu aliyekaushwa, kinachohitajika ni stendi nzito na reli ndogo ya kusogezea kamera. Kwa mdudu hai ni vigumu, isipokuwa alfajiri. Katika nyanda za baridi, mathalani Lushoto au Limuru, wadudu huamka wamekufa ganzi, na umande ungali juu ya mabawa, na hawasogei mpaka jua liwapashe.

Na sasa mwanga. Tumeona kwamba tundu la f/11 katika ukubwa halisi hufanya kazi ya f/22. Chini ya mwembe, saa nne asubuhi, mwanga hautoshi kwa hali hiyo, na shata ikifunguliwa muda mrefu kila mtikisiko wa mkono huonekana umekuzwa. Stendi haisaidii mbele ya majimoto anayekimbia kwenye tawi linaloyumba. Kinachosaidia ni flashi. Flashi ikipunguzwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mwako wake kwa aina nyingi hudumu takriban 1/10,000 ya sekunde. Mkono hauwezi kutikisika ndani ya muda huo, wala sisimizi hawezi kupiga hatua. Ndiyo kusema, katika picha za wadudu hai, flashi ndiyo stendi.

Si lazima iwe ya bei. Flashi ya kawaida, isiyojiendesha, hata ya mtumba, inatosha, maana nguvu inayohitajika ni ndogo na umbali haubadiliki. Kinachohitaji ubunifu ni kuulainisha mwanga wake. Mgongo wa majimoto unang'aa, wa mbawakawa zaidi, na flashi tupu huacha doa jeupe linalofuta rangi yote. Panahitajika kizuizi cheupe kinachopitisha mwanga, kiwe kipana na kiwe karibu kabisa na mdudu. Kipande cha dumu jeupe, karatasi nyeupe, povu jembamba la kufungia vyombo, vyote vimekwisha tumika na vinafanya kazi sawa na vya dukani. Zile taa za mviringo za LED zinazofungwa mbele ya lenzi hazipendekezwi. Nyingi ni hafifu, na huacha pete nyeupe ndani ya jicho la kila mdudu.

Sasa ndipo turudi kwenye swali la mwanzo: bodi gani? Karibu yoyote inayobadilishwa lenzi na yenye mahali pa kufungia flashi. Megapikseli 16 hadi 24 zinatosha. Skrini ya nyuma inayokunjuka ni neema kwa magoti, maana wadudu wengi huishi chini ya kiuno cha mtu. Kamera zisizo na kioo cha kurukaruka ndani zina faida mbili: hazitikiswi na kioo kinachoruka, na zinaonyesha kwa rangi sehemu iliyo kali kabla ya kubonyeza. Pia hupokea lenzi za zamani za karibu kila aina kupitia adapta. Zile za kizazi kilichopita, zenye kioo, zimeshuka bei sana kwenye mitumba, na hazijapoteza uwezo wake wa kupiga picha.

Bado jambo moja la sokoni. Lenzi ya mtumba isinunuliwe kabla ya kumulikwa kwa tochi kutoka upande mmoja na kutazamwa kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi nyembamba zilizotambaa kama mizizi ni kuvu, na kuvu haipoi kwa kufutwa, kwa sababu iko ndani ya vioo. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, tatizo hili ni la kila siku. Mapezi ya tundu nayo yatazamwe kama yana mafuta, na yafungwe na kufunguliwa kuona kama yanakwama. Kisha mnunuzi ahakikishe mdomo wa lenzi unalingana na kamera yake: lenzi ya Canon RF haiingii kwenye kamera ya EF, wala ya Nikon Z kwenye kamera ya F, na kwa hizo hakuna adapta ya kurudi nyuma. Ikishanunuliwa, ihifadhiwe ndani ya boksi la plastiki lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Vifuko hivyo hushiba maji, kwa hiyo vikaushwe au vibadilishwe kila baada ya miezi michache. Mkoba wa ngozi usitumike kuwekea lenzi kwa muda mrefu, kwa sababu ngozi hushika unyevu na kuvu huanzia humo.